Sofa ya L haikupita ngazini: jinsi ya kuipamba nyumba ya mawe ya zamani

Nilihamia Kiponda mwezi wa pili, kaskazi ikiwa bado inavuma. Nilitoka Tabata, Dar es Salaam, na mizigo niliyoipenda: sofa ya L ya rangi ya maziwa, seti tano za mapazia mazito ya velveti niliyoyashona mwenyewe, na roli nane za karatasi za kubandika ukutani zenye maua ya dhahabu. Kazi yangu ni kushona mapazia. Kule Tabata sebule yangu ndiyo ilikuwa tangazo langu, mteja akiingia akaona velveti imeanguka vizuri mpaka sakafuni, ananiambia, "Nishonee kama haya haya." Kwa hiyo tulipokubaliana kwenda kukaa kwenye nyumba ya familia ya mume wangu, nyumba ya mawe ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mama mkwe chini na sisi juu, nilishaipamba yote kichwani kabla sijapanda boti.

Sofa ilifika mlangoni kwa mkokoteni, maana gari haliingii kichochoroni kwetu. Vijana wanne wakaipandisha. Kwenye kona ya pili ya ngazi ikakwama, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na ilichukua dakika arobaini kuitoa bila kuubomoa ukuta. Sebule nilikuwa nimeipima. Ngazi sikuipima.

Ninaandika haya kwa ajili yako unayehamia nyumba kama hii, iwe Unguja, Lamu, Mji wa Kale Mombasa, Bagamoyo au Pangani, na una mtindo wako uliozoea. Huna haja ya kuutupa. Wangu bado ninao: rangi ya maziwa, dhahabu kidogo, kitambaa kinachoanguka vizuri. Kilichobadilika ni uzito wake, ukubwa wake na mahali ninapouweka, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo nimefundishwa na ukuta.

Kaa na masika moja kwanza

Hili ndilo la kwanza na ndilo gumu, kwa sababu mtu akihamia anataka kupendezesha wiki hiyo hiyo. Zuia mkono. Weka kitanda, jiko, viti vya kukalia, basi. Subiri mvua.

Mimi sikusubiri. Karatasi zangu nilizibandika mwezi wa pili, zikakaa vizuri mno, wageni wakazisifu. Usiku mmoja wa mwezi wa nne, mvua imeshanyesha siku tatu mfululizo, nikasikia sauti kama mtu anachana khanga taratibu, taratibu. Nikawasha taa. Karatasi ilikuwa inajimenya yenyewe kutoka juu, na nyuma yake lipu ilikuwa imeshikamana nayo, inakuja nayo. Nikagusa ukuta, umelowa. Juu ya ule unyevu kulikuwa na unga mweupe laini kama wa muhogo. Nikaonja kwa ncha ya ulimi: chumvi.

Katika ile mvua ya kwanza, zunguka na penseli na daftari. Andika ukuta upi unalowa kutoka chini, upi unalowa kutoka juu, dirisha lipi linaingiza maji upepo ukigeuka. Unyevu unaopanda kutoka chini ni wa ardhini. Unaoshuka kutoka juu ni wa paa au mfereji wa maji ya mvua, na huo utengenezwe kabla ya pambo lolote, hata kama itabidi ukae bila mapazia mwaka mzima. Angalia pia upepo. Kaskazi ikiisha na kusi ikianza, kwenye mwezi wa nne hivi, dirisha lililokuwa linakupa hewa linanyamaza na la upande wa pili linaanza kazi. Kitanda changu nimekihamisha mara mbili kwa sababu hiyo.

Ukuta unahitaji kupumua

Baada ya karatasi kuanguka nilimwita kijana mmoja wa kupaka rangi. Akataka kupiga lipu ya saruji, kisha skimingi, kisha rangi ya plastiki, ukuta uwe laini kama kioo. Bei yake ilikuwa nzuri. Mama mkwe akanishika mkono akasema, "Mwanangu, kabla hujamlipa huyu, mwite yule mzee wa chokaa aje auone kwanza."

Mzee akaja baada ya sala ya alasiri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauweka mkono mzima ukutani kama anampima mtoto homa. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akasema, "Ukuta huu unakunywa maji na unayatoa. Ukimfunga mdomo kwa saruji, atayatolea wapi?"

Alinieleza, na tangu hapo nimeyaona mwenyewe. Kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaliyoshikwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Ukuta wetu wa nje una unene wa sentimita 55. Mawe na mchanganyiko wake vyote vina vitundu vidogo vidogo. Maji yanaingia na yanatoka kwa jua na upepo. Saruji ni ngumu na imeziba, na rangi ya plastiki ni ngozi isiyopitisha hewa. Maji yakikosa njia yanabaki ndani na chumvi yake. Chumvi ikikauka inavimba na kuisukuma lipu. Ndiyo maana unaona nyumba iliyopigwa saruji miaka michache tu iliyopita inabanduka vipande vikubwa, na ndani jiwe limekuwa unga.

Kwa hiyo ukitaka rangi, paka chokaa. Nitakueleza jinsi tulivyofanya, kwa sababu ndilo jambo lililobadilisha nyumba yetu kuliko fanicha yoyote.

Kwanza bandua kila kisichopumua: karatasi, rangi inayojimenya, viraka vya saruji vilivyokwisha kuachia. Kiraka cha saruji kilichoshika sana usikipige nyundo kwa nguvu, kitaondoka na jiwe, mwachie fundi. Chumvi isugue kwa brashi kavu na uizoe kwa kitambaa. Usiioshe kwa maji, itayeyuka na kurudi ndani kulala. Mashimo tuliyaziba kwa chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kulowekwa kwenye maji ikatulia, na mchanga, ndoo moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, na mchanga uwe wa shamba, uliochekechwa, usiwe wa pwani wenye chumvi yake. Kila tabaka liwe jembamba na lifunikwe magunia mabichi siku kadhaa lisikauke haraka likapasuka.

Kisha chokaa ya kupaka. Ikoroge na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, siyo kama uji. Lowesha ukuta kwa brashi kwanza. Paka mkono mmoja, mwepesi. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu mkono wa kwanza unaonekana kama hukupaka kitu; ukuta unabaki kijivu, unaona mawe yote. Usiongeze. Nenda kalale. Asubuhi utakuta umekuwa mweupe wenyewe. Siku ya pili rudia, na ya tatu. Sisi tulipaka mara nne, na kati ya kila mkono siku nzima. Vaa glavu na miwani, na mtoto mweke chumba kingine: chokaa inaunguza ngozi na ikiingia jichoni ni hatari ya kweli.

Ukitaka rangi, ongeza unga wa rangi unaostahimili chokaa. Mama mkwe anatumia nili ya kufulia, ndogo tu, inaifanya nyeupe iwe ya baridi, kama kivuli cha asubuhi. Mimi nilitaka maziwa yangu ya Tabata. Tulichanganya udongo wa njano uliochekechwa kwa kitambaa cha shela, nikajaribu vipande vitano ukutani na kusubiri siku tatu, maana rangi ya chokaa ikiwa mbichi inakuwa nzito na ikikauka inafifia sana. Kipande cha pili ndicho kilichokuwa cha maziwa. Jioni jua likiingia kwa pembeni, ukuta ule hauwi laini wala haung'ai. Una mabonde madogo ya mkono wa fundi, na nuru inatembea juu yake. Karatasi ya maua ya dhahabu sijaitamani tena.

Pima boriti, ndipo ununue fanicha

Chumba chetu cha kukaa kina upana wa mita 2.75 na urefu wa mita 6.4. Mwanzoni nililalamika kuwa ni ukumbi wa kupita. Sababu yake ipo juu ya kichwa: dari limebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko mzuri wa boriti unapatikana kwa urefu wa kama mita mbili na nusu hadi tatu. Upana wa chumba ni urefu wa mti. Ukishalijua hilo unaacha kugombana na chumba na unaanza kupanga kwa urefu wake.

Panga hivi. Viti virefu vyembamba viende na ukuta mrefu, upande mmoja tu. Upande wa pili uache wazi, au weka kitu cha kina kidogo kisichozidi sentimita 35. Katikati ibaki njia ya sentimita 90. Sofa yangu niliiuza, lakini kabla ya kuiuza niliitoa sponji, nikamwendea seremala akanitengenezea mabenchi mawili ya mvule, kila moja mita 1.9 kwa sentimita 60, yanayofunguka vipande na kufungwa kwa skrubu huko huko juu. Hilo la kufunguka ni lazima. Kabla ya kununua kabati, kitanda au friji pima mlango wa nje, kona ya ngazi, urefu wa kichwa pale ngazi inapogeuka, ndipo upime chumba.

Vitu vizito viweke karibu na kuta zile boriti zinapoegemea, visikae katikati ya chumba. Acha sentimita 10 kati ya kabati na ukuta wa nje, hewa ipite. Kabati langu la kwanza nililiegemeza ukutani kabisa, na suti ya harusi ya mume wangu ikaota ukungu mgongoni. Sasa nguo za kuwekwa ziko ndani ya kasha la Mama mkwe, na kafuri imefungwa kwenye kitambaa, na kila mwezi tunalifungua na kulifukiza udi.

Dari usilizibe kwa jipsamu. Najua linapendeza, na taa zake zile za kuzunguka. Lakini boriti unatakiwa uzione, kwa sababu mchwa na uvujaji huanza pale ncha ya mti inapoingia ukutani, na ukiziba utajua siku linaposhuka. Kila mwaka kabla ya masika tunapanda ngazi na kuzigonga ncha moja moja kwa mpini wa nyundo. Mti mzima unalia mkavu. Ulioliwa unalia kama boga. Tulibadilisha boriti mbili mwaka jana. Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, umbali mfupi tu wa miguu kutoka kwetu, na mimi tangu hapo ufa siupiti bila kuusimamia. Kwa sababu hiyo hiyo marumaru nzito juu ya sakafu ya ghorofani sikuweka. Nimetandika mikeka ya ukindu, ninayoinua na kuianika juani kila Ijumaa asubuhi.

Mapazia, hapa ndipo kwangu

Velveti yangu ilinuka mwezi wa tano. Kitambaa kizito kikining'inia mbele ya ukuta wenye unyevu kinakunywa kila kitu, na kinazuia upepo ambao ndio unaoukausha ukuta. Niliyashusha mapazia ya seti zote tano, nikayafua, nikayakata. Ilikuwa siku ngumu. Pindo la chini la seti moja nililishona kwa mkono usiku tatu. Velveti ile sasa ni mito kumi na miwili na foronya za yale mabenchi mawili, juu ya sponji ya sofa. Ndiyo dhahabu yangu, na inaonekana zaidi kuliko ilipokuwa pazia, kwa sababu ni peke yake kwenye ukuta wa maziwa.

Kabla ya kushona pazia la nyumba ya zamani, fungua na ufunge mbao za dirisha. Dirisha la kizamani limeshajitosheleza: mbao za kuzuia jua na jirani, nondo za usalama, na kina cha ukuta kinachokinga mvua ndogo. Pazia linabakiwa na kazi moja tu, kukusitiri mbao zikiwa wazi. Dirisha la jirani yetu wa mbele liko mita tatu kutoka langu. Tunaweza kupeana sukari.

Kwa hiyo nilishona mapazia ya nusu. Dirisha langu lina upana wa mita 1.1 na urefu wa 1.9. Khanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Ukiining'iniza kwa ulalo, ile 150 inakupa mikunjo ya kutosha kwenye upana, na 110 inasitiri kuanzia chini mpaka juu ya kichwa cha mtu aliyekaa. Juu panabaki wazi: nuru na upepo vinaingia bila kuomba ruhusa. Doti moja inafunika madirisha mawili. Pindo la juu kunja sentimita 4 upitishe fimbo nyembamba, na pindo la chini liache lilivyo, maana jina la khanga liko karibu na hapo na ukilikunja umelikata. Geuza kitambaa jina lisomeke kutoka ndani. Mimi nilichagua "Hakuna kama mama", na Mama mkwe alipopanda juu akalisoma, akakaa kwenye benchi bila kusema neno, akaomba maji. Chagua jina kwa makini, kwa sababu khanga inasema na kila anayeingia.

Fua khanga mpya kwa maji ya chumvi kabla ya kukata, itoe rangi ya ziada na irudi kama ni ya kurudi. Fimbo usiitobolee ukuta. Jiwe la matumbawe halishiki plagi ya skrubu. Drili inaingia kama kwenye biskuti, na shimo la milimita 8 linakuwa la sentimita 5. Funga vibao viwili vidogo kwenye fremu ya mbao ya dirisha na uweke fimbo juu yake. Picha nazo zitundike kwa uzi kutoka kwenye kigingi cha mbao kilichokwishakuwamo ukutani, au ziegemeze.

Vidaka

Ukuta wetu wa ndani una vidaka saba, yaani vishimo vya kuwekea vitu vilivyojengwa ndani ya ukuta, vile ambavyo Lamu wanaviita zidaka. Mara ya kwanza nilivijaza vyote: maua ya plastiki, saa, picha, manukato, chaja. Mama mkwe akaviangalia akasema, "Mwanangu, kidaka si kabati." Akatoa vitu vyote akaviweka kitandani, akarudisha kimoja kimoja. Msahafu juu, peke yake. Chetezo. Sahani mbili za kale za mama yake, zilizosimamishwa. Taa moja ndogo. Vitatu akaviacha vitupu.

Vile vitupu ndivyo ninavyovipenda zaidi sasa. Kivuli chake kinabadilika mchana kutwa. Kama chumba chako kina giza, weka kioo cha ukubwa wa kidaka kwenye kile kinachotazamana na dirisha. Kitakuongezea nuru bila kutoboa chochote. Taa za usiku ziwe za njano na ziwe chini, kwenye kidaka au sakafuni. Taa nyeupe kali ya katikati ya dari inafanya ukuta wa chokaa uonekane mgonjwa. Na kabla ya kuongeza taa yoyote, fundi umeme akague nyaya. Zetu nyingine zilikuwa na ngozi iliyokwisha kuwa unga.

Upande wa nje si wako peke yako

Mlango, baraza, madirisha ya mbele, rangi ya nje: usiguse kabla ya kwenda kuuliza. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, Lamu tangu 2001, na hapa kwetu ipo Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, ambayo ndiyo inayotoa vibali. Nenda na picha na vipimo. Mlango wetu wa kuchonga nilitaka kuupaka vanishi ing'ae. Nilishauriwa niusafishe kwa brashi laini na kuupaka mafuta mepesi tu, na njumu za shaba nizisugue kwa ndimu na majivu, nizifute zikauke. Kila njumu inachukua kama dakika tatu. Mlango una njumu 96, kwa hiyo tunazigawana, mimi na wifi zangu, siku mbili kabla ya Idi.

Bado nina ukuta wa ngazini, ule ule uliokwaruzwa na sofa. Chokaa yake imeshazimwa na iko kwenye pipa uani wiki ya tatu sasa. Juu yake nimeacha maji ya kimo cha vidole vinne na nimeifunika gunia, kwa sababu ikikutana na hewa kabla ya siku yake inaanza kugeuka jiwe humo humo. Mzee amesema tuiache mpaka kusi itulie. Nikipita asubuhi nainua gunia, natazama kama maji yamepungua, naongeza kata moja.